Kurekodi mbio za magari za masafa marefu kwa GPS: Nairobi hadi Dar kupitia Taveta na Tanga

Wengi wanaojiandaa kwa mbio za masafa marefu hupakua programu moja ya ramani, wakabonyeza kitufe cha kuanza, wakaiweka simu kwenye dashibodi na kudhani kazi imekwisha. Jioni wakiifungua wanakuta mstari mmoja ulionyooka kutoka Namanga hadi Arusha, umepita juu ya vilima na mashamba ambayo hakuna gari lililoyagusa. Simu ililala mpakani, ikazinduka mjini, na katikati hakuna kitu.

Mara nyingi chanzo ni kuchanganya mambo mawili. Kurekodi ni jambo moja na kufuatiliwa ni jambo jingine. Kinachorekodi ni kifaa kilicho ndani ya gari: kinasikiliza setilaiti, kinaandika nukta kwenye kumbukumbu yake, hakihitaji laini wala bando. Kufuatiliwa ni kuzituma nukta hizo kwa walio nyumbani au kwa waandaaji, na hapo ndipo mtandao unapoingia pamoja na shida zake zote. Atakayetegemea kifaa kimoja na programu moja kwa kazi zote mbili atazikosa zote mbili siku moja.

Mwongozo huu unachukua njia halisi: Nairobi, Namanga, Arusha, Moshi, Himo, kisha kuvuka Holili hadi Taveta, kukata Tsavo mpaka Voi, kuteremka Mombasa, kupita Lunga Lunga na Horohoro kwenda Tanga, halafu Segera, Chalinze na Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 1,100, mipaka mitatu, lami karibu kote, na magari mengine yote ya barabarani yakiwemo. Aina ya mbio ninayoizungumzia ni ile ya barabara ya wazi, ambapo mshindi si aliyekanyaga mafuta kuliko wenzake bali aliyefika kila kituo kwa muda uliopangwa, bila kuwahi wala kuchelewa.

Mbio za namna hiyo ni za zamani kwetu. Safari Rally ya kwanza ya mwaka 1953, iliyoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kumbukumbu yake ilikuwa kadi za muda zilizojazwa na watu waliokaa vituoni na saa zao. Mwaka 1973 madereva Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza mbio hizo wakiwa na pointi za adhabu sawasawa baada ya maelfu ya kilomita, ikabidi kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ushindi ukaenda kwa Mehta. Kadi zilitosha kuamua, ila hazikuweza kumwambia mtu gari lilipungua mwendo wapi, lilisimama dakika ngapi, au lilipotea njia kwenye kona ipi. Hayo ndiyo tunayoyatafuta kwenye faili la GPS.

Hatua ya 1: Chagua vifaa viwili, kisha uvigawie kazi

Kifaa cha kwanza ni cha kurekodi. Simu ya Android ya kawaida inatosha, na kama una ya zamani uliyoiacha kabatini, bora zaidi. Itoe laini, ondoa programu usizozihitaji, iwe na kazi hiyo moja tu. Simu nyingi hupokea GPS hata zikiwa kwenye hali ya ndege, kwa hiyo unaweza kuzima mtandao kabisa na betri ikadumu. Ukiwa na kifaa cha Garmin au kingine cha aina hiyo, kitumie. Hakipigiwi, hakipokei ujumbe, na hakuna mtu atakayekiazima kuangalia mpira.

Kifaa cha pili ni simu yako ya kila siku, yenye laini na bando. Hiyo ndiyo ya kufuatiliwa, kupiga picha na kuongea. Irekodi pia kama akiba, lakini usiitegemee.

Programu za kurekodi ni nyingi. GPSLogger ya Android haina mbwembwe wala ramani ya kupendeza, inaandika nukta tu, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa simu ya kwanza. OsmAnd ina ramani zinazofanya kazi bila mtandao na inaweza kurekodi pia, kwa hiyo inafaa simu ya pili. Pakua ramani za Kenya na Tanzania ukiwa kwenye WiFi, si Namanga.

Hakikisha programu yoyote utakayochagua inatoa faili la GPX. Hilo ni faili la maandishi tu, linasomeka na karibu kila programu ya ramani duniani, na litafunguka hata miaka kumi ijayo. Programu inayokupa picha ya ramani na jumla ya kilomita pekee, huku nukta zikibaki kwao, haifai kwa kazi hii hata kama inapendeza machoni.

Hatua ya 2: Izuie simu isiiue programu

Hapa ndipo rekodi nyingi hufia. Simu za siku hizi, hasa za bei ya kawaida, zimeundwa kuokoa betri kwa nguvu. Kioo kikizima dakika kadhaa, mfumo unaona kuna programu inaendelea kufanya kazi chinichini, unaifunga. Wewe huambiwi kitu.

Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya betri, kisha programu yako, na uruhusu itumie betri bila kizuizi. Kwenye ruhusa za mahali, chagua iruhusiwe wakati wote, isiwe pale tu unapoitumia. Kwenye iPhone ruhusa hiyo ipo pia, na bila hiyo rekodi itakatika. Simu nyingine zina mlango wa pili: programu ya kusafisha simu iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ambayo ina orodha yake yenyewe ya wanaoruhusiwa kuishi. Itafute uiingize programu yako humo. Ukifungua orodha ya programu zilizo wazi, simu nyingi zinakuruhusu kuifunga kufuli programu moja isifutwe pamoja na nyingine, fanya hivyo.

Halafu jaribu. Jaribio la kuzunguka mtaa halikuambii kitu, kwa sababu simu haina muda wa kulala. Washa kurekodi, zima kioo, weka simu kwenye gari, nenda shughuli zako saa mbili au tatu. Ukirudi, fungua faili uangalie kama kuna pengo. Kama lipo, rudi kwenye mipangilio. Usitoke Nairobi na simu ambayo haijapita mtihani huu.

Hatua ya 3: Nukta kila baada ya sekunde ngapi?

Gari likienda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Ukirekodi kila sekunde 5, kutoka nukta moja hadi nyingine ni mita 111. Kwenye barabara iliyonyooka kama Segera hadi Chalinze haina neno. Kwenye kona, programu inaunganisha nukta kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo inakata kona, na kila kona inayokatwa inapunguza umbali. Ukipandisha Lushoto kwa rekodi ya kila sekunde 10, kilomita zitakazosomeka ni pungufu ya zile ulizoendesha.

Ushauri wangu: sekunde 1 kwa vipande vinavyopimwa muda na kwa barabara za kona au vumbi, sekunde 5 kwa maunganisho ya kawaida, yaani barabara za kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kama hutaki kubadilisha kila mara, weka sekunde 2 uache hivyo. Usiogope kujaza kumbukumbu. Saa 8 za nukta moja kila sekunde ni nukta 28,800, na faili lake ni megabaiti chache tu; video moja ya harusi inalimeza mara nyingi.

Kosa la upande wa pili linatokea gari likisimama. Simu chini ya anga wazi hukosea kwa mita tano hivi, na kosa hilo halitulii mahali pamoja. Gari limeegeshwa Namanga saa nzima mkigonga pasi, lakini nukta zinazunguka-zunguka juu ya paa la forodha, na programu inajumlisha kila mzunguko kama umbali. Mkitoka mpakani mna mita mia kadhaa ambazo hakuna tairi lililozipita. Tiba ni mbili. Kwanza, weka sharti la umbali: nukta mpya isiandikwe mpaka gari lisogee angalau mita 10. Pili, programu nyingi zinakuruhusu kukataa nukta zenye makosa makubwa. Weka kikomo cha mita 30. Usiweke mita 5, utakataa hata nukta nzuri ukipita chini ya miti au katikati ya maghorofa.

Hatua ya 4: Umeme na mahali pa kukaa

Chaji itoke kwenye gari, kupitia tundu la kiberiti cha sigara, na chaja iwe ya kuaminika. Chaja za bei chee zinazouzwa barabarani hupoteza mgusano gari likirukaruka kwenye matuta, nawe hujui mpaka simu izime. Beba pawabenki iliyojaa kwa sababu magari mengine hukata umeme wa tundu hilo ukizima injini, na kwenye mbio hizi kuzima injini mpakani ni kawaida.

Simu ikae juu ya dashibodi karibu na kioo, ikiona anga, lakini jua la Voi saa saba mchana lisiipige moja kwa moja. Simu ikipata joto kupita kiasi inaacha kuchaji kwanza, kisha inajizima. Kitambaa chepesi cheupe juu yake kinasaidia na hakizuii mawimbi ya setilaiti. Bati ndilo linalozuia, kwa hiyo usiiweke kwenye kisanduku cha chuma wala chini ya kiti. Ifunge imara. Dereva asiishike kabisa. Kila kinachohusu simu ni kazi ya msoma ramani, yaani mwenzake aliyekaa pembeni yake.

Hatua ya 5: Elewa saa iliyo ndani ya faili

Sehemu hii inawachanganya hata wazoefu. Fungua faili la GPX kwa programu ya kawaida ya maandishi, uone kilichomo. Kila nukta ina vitu vinne: latitudo, longitudo, mwinuko na muda. Nukta ya Namanga, kwa mfano, itakuwa na latitudo -2.545, longitudo 36.79, kisha muda kama 05:41:20Z. Ile Z inamaanisha saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo ni 08:41:20 kwa saa ya ukutani, yaani saa 2 na dakika 41 asubuhi.

Kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri kuna njia ya mkato: punguza tatu. 06:10Z ni saa 3 na dakika 10 asubuhi. 15:20Z ni saa 12 na dakika 20 jioni. Ukipata sifuri, ni saa 12 asubuhi. Jibu likishuka chini ya sifuri, ongeza 12: 01:30Z ni saa 10 na nusu alfajiri. Likifika 13 au zaidi, ondoa 12: 16:00Z ni saa 1 usiku. Mwandikie msoma ramani kanuni hii kwenye karatasi aibandike mbele yake.

Kenya, Tanzania na Uganda zina saa moja, hivyo kwenye njia hii mpaka haubadilishi kitu. Mkienda Kigali au Bujumbura kuna saa moja ya tofauti. Simu itajirudisha nyuma yenyewe, lakini Z ndani ya faili haibadiliki. Hapo ndipo utaona faida yake.

Saa ya setilaiti ni sahihi kuliko saa yoyote ya mkononi, ila kuna kisa kimoja kidogo. Saa ya ndani ya mfumo wa GPS iko mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 18 tangu mwaka 2017, kwa sababu yenyewe haiongezewi zile sekunde za marekebisho ambazo dunia huongeza mara chache. Kifaa hupokea taarifa ya tofauti hiyo kutoka kwa setilaiti, na ujumbe kamili huchukua dakika 12 na nusu kupita. Kifaa cha zamani kilichozimwa muda mrefu kinaweza kuanza siku kikiwa kimekosea sekunde kadhaa. Kwenye safari ya kawaida nani atajali? Kwenye mbio ambapo kila sekunde ina adhabu, unajali. Washa kifaa robo saa kabla ya kuanza, kikiwa nje.

Kituo cha kwanza kikifunguliwa, piga picha moja inayoonyesha saa ya mwamuzi na kioo cha simu yako kwa pamoja. Saa ya mwamuzi ndiyo sheria, hata kama imekosea. Ikiwa mbele yako kwa sekunde 7, basi siku nzima hesabu zako zote zina sekunde 7.

Hatua ya 6: Linganisha kilomita zako na za waandaaji

Kitabu cha njia mnachopewa na waandaaji kimepimwa na gari jingine, kwa matairi mengine, siku nyingine. GPS yako haitakubaliana nacho, na ubishi hauna faida: anayeamua ni kitabu. Waandaaji wazuri huweka kipande cha kulinganishia mwanzoni, kwa kawaida kilomita chache za lami. Kama kitabu kinasema 10.00 na GPS yako imesoma 9.92, basi kila umbali wa kitabu uuzidishe kwa 0.992 ili kupata utakachokiona kwenye simu. Kilomita 45 za kitabu utaziona kama 44.64.

Odomita ya gari, kile kihesabu kilomita cha dashibodi, ina tabia zake pia. Mwenye kubadilisha matairi akaweka makubwa, odomita yake husoma pungufu. Vilevile, kama hukupita barabara ya Dongo Kundu inayokwepa feri na umevuka Likoni kwa feri, utaona jambo la kuchekesha: gari limezimwa, limeegeshwa kwenye chombo, odomita imesimama, huku GPS inahesabu mita za maji. Simamisha rekodi kabla ya kuingia feri, uanze nyingine ng'ambo. La sivyo kipande cha Mombasa kwenda Lunga Lunga kitakuwa na umbali ambao hakuna gari lililouendesha.

Hatua ya 7: Barabarani

Faili moja kwa siku nzima ni kosa. Anza faili jipya kila kipande cha kitabu, na kila mpaka. Programu ikianguka unapoteza kipande kimoja, si siku. Na usomaji wa jioni unakuwa rahisi kwa kuwa mapumziko na misururu ya forodha havichanganyiki na vipande vinavyopimwa.

Kila kituoni, msoma ramani aweke alama yenye jina. Programu zote za maana zina kitufe cha kuweka alama. Kibonyeze wakati kadi inagongwa, si mkishaondoka. Weka alama pia kila mlipopotea, mlipopata pancha, mliposimamishwa na trafiki, mlipokuta ng'ombe wametanda barabarani. Maneno mawili yanatosha: "pancha kushoto", "ng'ombe, dk 4". Baada ya siku tatu hakuna atakayekumbuka ule mstari wa dakika nne kabla ya Mwatate ulikuwa wa nini.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme kipande cha kutoka Taveta kuelekea Voi kina kilomita 90 na wastani uliopangwa ni 60 kwa saa. Dakika 90. Mmegongewa kadi 06:10:00Z, kwa hiyo mnatakiwa kituoni 07:40:00Z, saa 4 na dakika 40 asubuhi. Kila kilomita ni dakika moja, kwa hiyo msoma ramani aangalie kilomita na dakika zinavyokwenda sambamba: kilomita ya 30 iwe 06:40, ya 60 iwe 07:10. Mkiwa mmechelewa dakika mbili kilomita ya 60, hakuna haja ya dereva kukanyaga kama anafukuzwa. Kilomita 30 zilizobaki kwa dakika 28 ni mwendo wa 64. Msoma ramani amwambie dereva "sitini na nne", basi. Namba moja inamtuliza dereva kuliko kelele za "tumechelewa".

Na vijiji ni vijiji. Alama ya mwendo wa 50 inamhusu pia mwenye namba ya mashindano mlangoni. Trafiki anapiga tochi ya kupima mwendo mahali pamoja. Faili lako limekupiga tochi njia nzima, na waandaaji wengi siku hizi hudai faili hilo ili kuona nani alipita shuleni na 90.

Hatua ya 8: Kufuatiliwa na walio nyumbani

Kwa familia, mahali pa moja kwa moja pa WhatsApp (live location) panatosha. Unachagua dakika 15, saa moja au saa 8, na saa 8 zikiisha panakatika bila kukuuliza, kwa hiyo ukianza saa 12 asubuhi kumbuka kuamsha upya mchana. Kwa kundi la magari ishirini, WhatsApp inakuwa vurugu. Afadhali Traccar, ambayo ni programu huria: kila gari lina programu ndogo kwenye simu inayotuma nukta kwenye seva, na waandaaji wanaona magari yote kwenye ramani moja. Mtandao ukipotea Tsavo, inahifadhi nukta na kuzituma ukirudi. Anayejua kompyuta kidogo katika kundi anaweza kuiweka.

Mpakani laini ya Kenya haifanyi kazi vile vile Tanzania. Ama ununue kifurushi cha nje ya nchi kabla, ama uwe na laini mbili zilizosajiliwa. Usajili wa laini mpya mpakani unataka pasi na muda, na muda ndicho kitu msichokuwa nacho. Waambie walio nyumbani mapema kuwa nukta ikiganda Holili isiwatie hofu. Mkubaliane saa: "msiposikia kutoka kwetu mpaka saa 2 usiku, pigeni namba hii." Makubaliano hayo yana thamani kuliko ramani yoyote, kwa sababu nukta iliyoganda haisemi kama gari limepinduka au bando limeisha.

Mnaopitia maeneo ya mbali zaidi, Turkana au kusini mwa Tanzania, fikirieni kifaa kinachotuma ujumbe kwa setilaiti na chenye kitufe cha dharura. Kwa njia hii ya Nairobi hadi Dar sioni haja.

Hatua ya 9: Kila jioni, kabla ya kula

Hamisha mafaili. Yape majina yanayoanza na mwaka, mwezi, tarehe, kisha namba ya gari na kipande, mfano 2026-03-14_gari14_taveta-voi. Ukianza na tarehe kwa mtindo huo, kompyuta inayapanga yenyewe kwa mfuatano wa safari. Nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine kwenye kompyuta au flashi ya mwenzako wa gari jingine, ya tatu jitumie kwa barua pepe ukipata mtandao.

Kisha fungua kila faili dakika moja, uangalie tu: mwanzo upo, mwisho upo, hakuna mstari mnyoofu wa ajabu. Tatizo ukiligundua jioni ya siku ya kwanza, siku zilizobaki zinaokoka.

Hatua ya 10: Kusafisha na kusoma

Mkishafika, kazi inahamia kwenye kompyuta. GPSBabel inaunganisha mafaili na kuyabadili aina, gpx.studio inafunguka kwenye kivinjari na inakuwezesha kufuta nukta potofu kwa mkono. Google Earth ni nzuri kwa kuonyesha. Anza kwa kufuta zile nukta zilizozunguka mkiwa mmeegesha, na zile zilizoruka ghafla. Nukta inayodai gari lilikwenda 400 kwa saa haihitaji mjadala.

Ukiandika alama kwa mkono, angalia ishara ya kutoa. Njia yetu yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo zote ni hasi. Nairobi ni -1.29, ukisahau kile kistari unaipeleka Samburu, karibu na Maralal. Dar bila kistari inaangukia Ethiopia.

Mwinuko usiuamini kama unavyoamini mahali. GPS hukosea zaidi kwenda juu na chini, na baadhi ya simu huandika urefu kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia badala ya usawa wa bahari. Pwani yetu tofauti hiyo ni zaidi ya mita 20, ndiyo maana unaweza kuwa umekaa ufukweni Tanga unakunywa madafu na faili linasema uko chini ya bahari. Programu nyingi zinaweza kubadilisha mwinuko wote kwa data ya ramani, bonyeza, imekwisha.

Kitakachokufunza zaidi ni mchoro wa mwendo dhidi ya umbali, hasa ukiweka magari mawili juu ya ramani moja. Utaona kwamba wale waliowashinda kwa dakika tatu hawakuwa na mwendo mkubwa kuliko wenu popote. Mlisimama mara mbili kununua maji, wao hawakusimama. Au mlipoteza sekunde 40 kwenye kila mzunguko wa mji kwa kuwa msoma ramani alikuwa anatafuta ukurasa.

Hatua ya 11: Kabla ya kumpa mtu mwingine

Faili la GPX linaanza mlangoni kwako. Linaonyesha unapolala, unapoegesha, na saa ngapi nyumba imebaki tupu. Kata kilomita ya kwanza na ya mwisho kabla ya kulisambaza, na ufute nukta za nyumba za wenyeji waliowalaza njiani. Waulize wenzako wa gari kama wanakubali lionekane; Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu 2022, na taarifa za mahali mtu alipo ni taarifa zake.

Ukishalikata, unaweza kuwapa OpenStreetMap, ramani huria inayotumiwa na OsmAnd na wengine. Kipande cha vumbi ulichopita ambacho hakikuwa kwenye ramani kitasaidia kuchora barabara hiyo. Unapolipakia utaulizwa kiwango cha uwazi: faili likiwa la watu wote, jina lako na muda wa kila nukta vinaonekana. Chagua kile kinachoacha nukta bila jina.